Oili ya giaboksi ya otomatiki: kumwaga na kujaza, kushusha sampu, au kupitisha mashine?

Mwenye gari la otomatiki akifika gereji akasema anataka kubadilisha oili ya giaboksi, jibu atakalopata linategemea amemkuta fundi gani. Mmoja atamwambia tunafungua plugi ya chini, tunamwaga inayotoka, tunajaza, nusu saa unaondoka. Mwingine atasema hapana, sampu, lile bakuli la chini linalobeba oili, lazima ishuke na filta ibadilishwe. Wa tatu, mwenye mashine, atasema hizo zote ni kazi nusunusu, yeye anaunganisha mipira miwili na oili yote ya zamani inatoka. Na hapo kijiweni hakosekani wa nne wa kusema usiiguse kabisa, giaboksi ya otomatiki ukiibadilisha oili ndiyo unaiua.

Nawaandikia wenye magari tunayoyajua: IST, Premio, Allion, Raum, Vitz, X-Trail, Forester, magari yaliyoshuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa yakiwa yameshatembea Japani miaka saba, minane au zaidi, na hakuna karatasi inayoonyesha giaboksi iliguswa lini. Kwa gari la hivyo, ushauri wangu ni kushusha sampu mara moja, kisha kumwaga na kujaza mara mbili zaidi ndani ya miezi michache. Mashine nayo ina mahali pake, lakini si hapo. Na kabla hatujaanza kubishana kuhusu njia, aina ya oili ina uzito kuliko njia zote tatu.

Kwa nini oili haitoki yote

Oili ya injini ukifungua nati ya chini karibu yote inamwagika. Giaboksi ya otomatiki haiko hivyo. Sehemu ya oili iko kwenye sampu, na hiyo ndiyo inayotoka. Nyingine imekaa ndani ya tokikonveta, lile duara kubwa lililo kati ya injini na giaboksi, ambalo kwenye magari mengi halina plugi ya kumwagia. Nyingine iko kwenye valvu bodi, yaani sehemu yenye vijia na vali zinazoelekeza oili, kwenye klachi za ndani, na kwenye paipu zinazoipeleka oili ikapoe kwenye rejeta na kurudi.

Chukua giaboksi ya gia nne iliyopo kwenye IST za 2002 hadi 2007 na Premio na Allion za 1.5 na 1.8 za 2001 hadi 2007. Oili yake yote ni kama lita 6.5. Ukifungua plugi ya chini inatoka kama lita 3, na mara nyingine hata hizo hazitimii. Kwa hiyo ukimwaga na kujaza mara moja, zaidi ya nusu ya oili inayozunguka humo ndani bado ni ile ya zamani.

Oili hiyo inafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Inasukuma klachi kwa presha ili gia iingie, inalainisha meno ya gia na beringi, inaondoa joto, na inaziwezesha sahani za klachi kushikana kwa kiasi kinachotakiwa: zisiteleze, wala zisishikane kwa kishindo. Kazi hii ya mwisho inategemea viungo vilivyochanganywa kiwandani, na viungo hivyo huchakaa kwa joto na muda. Foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni, gari linasogea mita tano linasimama, ni mateso kwa giaboksi kuliko safari ya Dodoma. Tokikonveta inakoroga oili, joto linapanda, na gari halina mwendo wa kuleta upepo. Kupanda mlima wa Kitonga na mzigo nako ni hivyohivyo. Ndiyo maana kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari kwa barabara za Japani au Ulaya mimi huzipunguza.

Kumwaga na kujaza

Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na kwa maoni yangu inadharauliwa bila haki. Gari linawekwa sawa juu ya shimo au stendi, plugi inafunguliwa, oili inakingwa kwenye chombo chenye alama za lita, plugi inarudishwa na washa mpya, kisha inajazwa kiasi kilekile kilichotoka. Hapa neno *kilekile* ndilo kazi yenyewe. Fundi anayemwaga oili chini kwenye mchanga halafu anajaza kwa makadirio ameshapoteza kipimo chake pekee.

Hesabu yake ni kama ndoo ya maji yenye rangi: unachota nusu, unaongeza maji safi, unachota tena. Kwa giaboksi ya lita 6.5 inayomwaga lita 3, mara ya kwanza oili mpya inakuwa asilimia 46 hivi. Ukirudia mara ya pili inafika 71. Mara ya tatu, 84. Umetumia lita 9, na giaboksi haijasumbuliwa na chochote: presha ni ya pampu yake yenyewe, uchafu haukukorogwa, na oili mpya imeingia taratibu. Kati ya mara moja na nyingine endesha gari lipite gia zote, ili oili ya tokikonveta ichanganyike na iliyoingia. Honda wenyewe, kwa baadhi ya magari yao, wanaelekeza hivi: mwaga, jaza, endesha, rudia mara tatu.

Udhaifu wake ni kwamba filta inabaki ilivyo, na chini ya sampu hujaona chochote. Wengi pia huishia mara moja wakadhani wamemaliza. Kumwaga mara moja kunatosha kwa gari ambalo oili yake bado ni nzuri na wewe unafuata utaratibu. Kwa gari langu ambalo historia yake ninaijua, ningemwaga mara moja kila kilomita 40,000, na nisingemwita mtu wa mashine. Kwa gari lililokaa na oili yake tangu kiwandani, mara moja ni mwanzo tu.

Kushusha sampu

Hapa ndipo unapoijua giaboksi yako. Sampu ikishuka unaona sumaku zilizokaa ndani yake, kwa kawaida mbili au zaidi, na sumaku hizo zinakwambia hali kuliko mtu yeyote aliyeliendesha gari dakika kumi.

Tope laini la kijivu lililofunika sumaku, ambalo ukilisugua kati ya vidole halina chembe, ni la kawaida. Ni chuma kilichosagika kidogokidogo kwa miaka, na kazi ya sumaku ni kukikamata. Futa, safisha, rudisha. Ukikuta sindano za chuma au vipande unavyoweza kuvishika kimoja kimoja, kuna meno au beringi imeanza kuliwa. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba visivyonaswa na sumaku vinatoka kwenye bushi na washa za ndani. Na ukikuta chenga nyeusi nyingi zimetanda chini, huku oili ikinuka kuungua, hizo ni sahani za klachi zimeisha. Katika hali hizi tatu za mwisho, oili mpya haitarudisha kilicholiwa, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujanunua lita 10.

Faida ya pili ni filta. Kwenye Toyota nyingi iko juu ya sampu, imeshikwa kwa bolti chache, ina oringi au gasketi yake. Baadhi ni wavu wa chuma, baadhi zina kitambaa ndani na haziwezi kusafishwa kwa petroli zikawa mpya. Nunua nyingine. Subaru Forester na Legacy za gia nne za miaka ya 2000 zina filta ya nje, inafungwa kwa kuzungushwa kama filta ya oili ya injini, kwa hiyo unaibadilisha bila kugusa sampu. BMW na Land Rover zenye giaboksi za ZF za gia sita na nane zina sampu ya plastiki ambayo filta imo ndani yake. Unanunua vyote kama kitu kimoja, na bei yake inauma. Nissan zenye CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia za hatua, mbali na wavu ulio kwenye sampu, nyingi zina filta ndogo ya karatasi upande wa kipoza oili, na mafundi wengi huiacha kwa kutojua ipo.

Kushusha sampu kunatoa oili zaidi kidogo, kwa mfano wetu tuseme lita 3.5. Ukifuatisha na kumwaga mara mbili, lita 3 kila mara, oili mpya inafika kama asilimia 87 kwa lita 9.5. Kwa lita karibu zilezile za kumwaga mara tatu umepata filta mpya, sumaku safi, na umeona hali ya ndani kwa macho yako. Ndiyo sababu njia hii naiweka mbele.

Ina hatari zake, na zote ni za mikono ya fundi. Bolti za sampu ni ndogo. Zikikazwa kwa nguvu, mdomo wa sampu unapinda na kuvuja kunaanza siku hiyohiyo. Gasketi ya zamani haifai kurudishwa. Silikoni ikipakwa nyingi, ile inayobanwa kwenda ndani inakauka, inakatika, na inaishia kwenye filta mpya uliyoinunua leo. Kama giaboksi yako ilitoka na gasketi, weka gasketi bila kuongeza silikoni. Kama ilitoka na silikoni ya kiwandani, ipakwe kamba nyembamba moja. Na kazi hii isifanyike kwenye uwanja wenye upepo wa vumbi. Valvu bodi ina vijia vyembamba mno, na punje ya mchanga inatosha kukwamisha vali moja.

Kupitisha mashine

Mashine inaunganishwa kwenye paipu zinazopeleka oili kwenye kipoza. Injini ikiwashwa, oili ya zamani inatoka upande mmoja na mpya inaingia upande wa pili kwa kiasi sawa, hadi rangi inayopita kwenye kioo iwe safi. Kwa kutoa oili nyingi kwa mara moja hakuna njia inayoishinda. Kwa giaboksi ya lita 6.5 tegemea kutumia lita 8 hadi 10, kwa sababu nyingine inapita ikiwa imechanganyika kabla haijawa safi.

Zipo za namna mbili, na ni lazima uulize. Ya kwanza inafuata mwendo wa pampu ya giaboksi yenyewe. Inabadilishana tu, haisukumi. Hii haina ubaya wenyewe. Ya pili inasukuma kwa presha yake, na mara nyingi mwenye nayo hutia kwanza dawa ya kusafishia. Hii siishauri kwa gari lolote lenye umri. Dawa inalainisha uchafu uliokuwa umetulia kwenye pembe bila kumdhuru mtu, presha inaubeba, na unapita kwenye vijia vya valvu bodi na solenoidi, zile vali ndogo zinazoendeshwa kwa umeme. Gari lililoingia gereji likibadilisha gia vizuri linaweza kutoka likishtua kutoka gia ya pili kwenda ya tatu.

Hata ile ya kwanza ina mambo matatu ninayoyatilia shaka. Filta haikubadilishwa, isipokuwa ukilipia kushusha sampu kando. Mashine ilitumika kwa gari lililotangulia, na kwenye mipira yake kuna oili ya gari hilo. Kama lilikuwa la aina nyingine, kiasi fulani kinaingia kwako. La tatu ndilo kubwa: kwa kuwa mashine inakula oili nyingi, wenye mashine wengi hununua pipa moja la oili inayosemekana inafaa magari yote na kulitumia kwa kila anayekuja. Ukienda kwa mashine, nenda na oili yako kwenye makopo yaliyofungwa, na simama hapo ikimiminwa.

Ipo mashine ya kienyeji pia: fundi anachomoa mpira unaorudisha oili kutoka kwenye rejeta, anauelekeza kwenye chupa, mtu anawasha injini, ikitoka lita moja anazima, anaongeza lita moja juu, wanaendelea hivyo. Kwa watu wawili makini inafanya kazi vizuri, na oili inayoingia unaiona. Kwa watu wenye haraka ni hatari, kwa sababu pampu ikinyonya hewa kwa sekunde chache inajikwaruza. Pia mpira ukichomolewa ule unaopeleka badala ya unaorudisha, kipoza kinabaki na oili ya zamani.

Anayesema usiiguse

Tusimpuuze, kwa sababu alichokiona ni kweli. Ameona gari limebadilishwa oili na wiki mbili baadaye halitembei. Tatizo ni mpangilio wa matukio. Watu wengi hawaigusi giaboksi mpaka ianze kusumbua: ukiweka D gari linachelewa kuondoka, mlimani injini inalia lakini mwendo hauongezeki, gia inateleza. Hapo klachi zimeshaisha. Oili ya zamani iliyojaa unga wa klachi ilikuwa inasaidia kidogo mshikano, na ukiweka mpya laini, kilichobaki kinateleza. Gari lilikuwa linaelekea kufa, na oili imepewa lawama.

Kwa hiyo kama gia tayari inateleza, usianze na oili, wala mashine. Anza na kipimo cha kiwango, maana oili ikipungua nayo hutelezesha gia, kisha mashine ya kusoma hitilafu, kisha sampu ishuke uone kilichomo. Lakini kama gari linabadilisha gia vizuri na oili imekuwa kahawia tu, hofu hiyo haikuhusu. Mwaga taratibu, kwa awamu.

Kuna pia hadithi ya oili ya maisha yote, iliyoandikwa kwenye vitabu vya baadhi ya magari ya Ulaya. ZF ya Ujerumani, ambayo giaboksi zake zimo kwenye BMW nyingi, yenyewe inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka 8. Aliyeitengeneza giaboksi ndiye wa kusikilizwa.

Aina ya oili

Sasa jambo lenyewe. Madukani kwetu ukiomba oili ya giaboksi ya otomatiki unaweza kupewa "haidroliki", ileile inayowekwa kwenye usukani, wakati mwingine ya kupimiwa kutoka kwenye pipa. Oili nyekundu haimaanishi oili sahihi. Rangi ni ya kukusaidia kutambua kuvuja, basi.

Toyota za zamani zilitumia oili za kundi la Dexron. Kisha ikaja Type T-IV, ambayo ndiyo ya magari mengi ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Baadaye ikaja WS, nyepesi kuliko T-IV, na hizo mbili hazibadilishani. Toyota za CVT zina zao, TC na baadaye FE. Nissan za gia za kawaida zina Matic D, J na S. Za CVT zina NS-1, NS-2 na NS-3, na X-Trail ya 2007 hadi 2013 ya petroli yenye CVT inataka NS-2. Mitsubishi nyingi za zamani ni SP-III. Honda zilitoka Z1 kwenda DW-1, na CVT zao zina yake tena. Ukiona kopo limeandikwa Dexron III, jua kwamba General Motors iliacha kutoa leseni ya kiwango hicho mwaka 2006; kinachouzwa leo kwa jina hilo ni ahadi ya muuzaji.

CVT ndiyo isiyosamehe. Ndani hakuna klachi za kupokezana gia nne. Kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuliana. Weka humo oili ya otomatiki ya kawaida na mkanda utaanza kuteleza, puli zitapata mikwaruzo, na hakuna oili itakayozifuta. Premio na IST nyingi za kuanzia 2007 ni CVT, wakati zile za kabla zenye jina hilohilo nyingi ni gia nne. Kusema "nina IST" dukani hakutoshi.

Pa kuangalia ni kwenye gari lenyewe. Toyota nyingi zimeandika aina ya oili kwenye kijiti cha kupimia cha giaboksi, na zile zisizo na kijiti mara nyingi zimeiandika kwenye plugi. Kama oili ya jina la gari haipatikani ulipo, Aisin, kampuni inayotengeneza giaboksi nyingi za Toyota, inauza AFW+ kwa aina nyingi za otomatiki, na kwa CVT ina oili tofauti. Ningeichagua hiyo kabla ya pipa lisilo na jina. Kati ya kupitisha mashine kwa oili ya pipa na kumwaga mara moja kwa oili sahihi, chagua ya pili bila kusita.

Wenye Subaru mna jambo lenu. Difu ya mbele ina oili yake kando, ya gia, na ina kijiti chake. Fundi asiyejua humwaga oili ya difu akidhani ni ya injini au ya giaboksi, kisha anajaza pengine. Simama naye, mwonyeshe plugi moja moja kabla hajashika spana.

Kiwango

Njia yoyote utakayochagua inaharibika kama kiwango si sahihi. Ikipungua, pampu inavuta hewa na gia zinateleza. Ikizidi, gia zinaikoroga mpaka inatoa povu, na povu halina presha.

Toyota zenye kijiti hupimwa injini ikiwa inanguruma, gari kwenye usawa, baada ya kuendesha mpaka oili ipate moto na kupitisha mkono wa gia P hadi L na kurudi P. Unasoma alama za moto. Honda wanataka injini izimwe kwanza na upime ndani ya dakika moja hivi. Zisizo na kijiti zina plugi ya kufurikia: injini inanguruma, joto la oili linasomwa kwa mashine, na kwa Toyota nyingi linatakiwa liwe kati ya nyuzi 35 na 45, kisha plugi inafunguliwa hadi oili itoke kwa matone tu. Fundi asiye na namna ya kusoma joto la oili asikufungulie plugi hiyo. Gari lililotoka kwenye foleni saa nane mchana wa Dar lina oili ya moto mno, imetanuka, na ukipima hapo utabaki na upungufu gari likipoa.

Nani achague nini

Gari limeshuka bandarini mwezi huu, gia zinaingia vizuri, hujui historia: shusha sampu, filta mpya, oili sahihi. Baada ya kilomita elfu moja au mbili mwaga na kujaza, kisha tena. Usilipeleke kwenye mashine mara ya kwanza, kwa sababu hujui kilicholala humo.

Gari unalo tangu likiwa na kilomita chache, umekuwa ukibadilisha, na sasa unataka oili yote iwe mpya kwa mpigo: mashine isiyosukuma kwa presha inafaa, ukiwa na oili yako mkononi. Hapa ndipo mahali pake halisi. Kumwaga mara tatu kutakufikisha karibu palepale, ila kwa siku nyingi zaidi.

Teksi ya mtandao inayokaa barabarani kutwa: mwaga na kujaza mara moja kila kilomita 20,000 hadi 30,000. Ni lita 3 tu, nusu saa, na gari linarudi kazini. Sampu ishuke kila baada ya mara tatu au nne za hivyo.

CVT ya namna yoyote: sampu na kumwaga kwa awamu, oili ya kiwango kilichoandikwa, bila mashine na bila dawa.

Oili imegeuka pinki, nzito, kama imechanganywa na maziwa: hapo usilinganishe njia. Kipoza cha ndani ya rejeta kimepasuka na maji yameingia kwenye giaboksi. Gari lisiwashwe tena hata kupelekwa gereji. Livutwe, tena magurudumu yanayovuta yakiwa yameinuliwa. Rejeta ibadilishwe kwanza, kisha ndiyo oili itolewe yote, na hii ni hali moja ambayo mashine ya kubadilishana inasaidia kuliko kumwaga. Kama gari lilitembea siku kadhaa katika hali hiyo, sahani za klachi zimeshanyonya maji na huenda giaboksi ikahitaji kufunguliwa.

Ukikubaliana na fundi, mwambie mapema mambo machache: oili iliyotoka isimwagwe mpaka muipime pamoja, makopo yaliyotumika yabaki hapo uyahesabu, na sumaku uzione kabla hazijafutwa. Andika kilomita na aina ya oili kwenye karatasi, ibandike ndani ya boneti. Asubuhi inayofuata angalia chini ya gari kama kuna tone, na baada ya siku mbili tatu za kuendesha pima kiwango tena, kwa joto lilelile ulilopimia mara ya kwanza.